Mstari Kwenye Unyoya wa Karani

Mtwapa, 29 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu za watu wa huku ni nyingi na nitakupa siku nyingine, maana leo nimekasirika na sitaki kuzungukazunguka.

Barua hii nampa Hesbon wa ofisi ya vifurushi kwa sababu simu yako umeifungia kabatini mpaka utoke eda. Najua somo wako, yule bibi aliyekufunda, ndiye aliyekushauri, kwamba mjane akiwa na simu atapigiwa na kila mwanamume anayejidai kutoa pole. Sawa. Lakini mtu akitaka kugombana na mamake kidogo tu, afanyeje?

Jambo lenyewe ni Karani. Siku ya mazishi sikumkumbuka, lakini siku ya arobaini ya Baba niliingia nikamtafuta ukumbini, pale alipoishi tangu mimi nikiwa mtoto, nikakuta ndoano tupu inaning'inia darini. Nikaambiwa kasuku yuko uani, chumbani kwa Jedida mpangaji. Hasira niliizuia kwa heshima ya khitma na wageni. Nikaenda mwenyewe. Jedida hakuwapo. Karani alikuwa kwenye kijiti chake, kimya, ananitazama kwa jicho moja kama mtu ninayemdai. Ndege aliyekuwa akikohoa kama Baba na kukuita "Mastura, kahawa" mpaka jirani anaitika, leo hana neno. Mimi hajaniita hata siku moja maishani mwake, unajua jinsi nilivyokuwa nikimwonea wivu, lakini angalau alikuwa akisema.

Chini ya tundu niliokota manyoya matatu, mawili ya bawa na mmoja mwekundu wa mkia, nikayatia mkobani. Mkabala na famasi ninayofanya kazi kuna duka la dawa za mifugo la kijana anaitwa Cliff, ambaye ni daktari wa wanyama. Nilimpelekea. Akauelekeza unyoya kwenye mwanga, na hapo nikaona. Kuna mstari umeukata kutoka ukingo huu hadi ule, mwembamba, kama mtu amepitisha ukucha, na palipo na mstari unyoya umekonda mpaka mwanga unapita. Yote matatu yako hivyo. Cliff akasema mstari wa namna hii huingia wakati unyoya unaota, ndege akipatwa na dhiki: njaa, maradhi, hofu, kulishwa mbegu za aina moja tu, kutolewa mahali alipozoea. Siku hiyo mwili unakosa cha kuujengea unyoya, na siku hiyo inabaki imeandikwa pale.

Alikuwa bado anazungumza nikaondoka, kwa sababu nilishajua ni nani. Ni mtu anayeshona sare za shule kutwa kucha, cherehani inanguruma pembeni ya ndege mzee, na pengine anamtupia punje akikumbuka.

Namtaka Karani Mtwapa. Wewe umempa mgeni kitu cha mwisho cha Baba chenye pumzi.

Mwanao,
Afiya


Mambrui, 4 Februari 2025

Mwanangu Afiya,

Marahaba. Barua nimeipata. Hesbon aliipenyeza chini ya mlango akakimbia, maana naye ameambiwa habari za eda na anadhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Nimekaa na nguo zangu nyeupe, ninamwombea babako, ninahesabu tasbihi, na wewe unaniletea habari za manyoya. Mwenzio akifiwa huletewa dua.

Karani yuko kwa Jedida kwa sababu mimi nimetaka awe huko. Anasema kwa sauti ya marehemu, ile ile, na kikohozi juu yake. Mjane aliye edani hafai kukaa nyumba moja na sauti ya mwanamume. Ndivyo nilivyoona, na ndugu yangu Badi hakunipinga. Eda ikiisha tutazungumza.

Mtwapa usiitaje tena. Umeniambia kwa mdomo wako kwamba chini ya chumba chako pana baa na hulali kwa muziki. Unataka ndege wa babako akajifunze nini huko? Na kibali chake cha idara ya wanyamapori kina jina la marehemu Abdulkadir, huwezi kumtia kikapuni ukapanda naye gari kama kuku wa sikukuu.

Kuhusu manyoya, ndege hupukutisha kila mwaka. Yatupe. Jedida ni mtu mwema, mwache.

Ule vizuri. Siku ile ya arobaini niliyaona mabega yako, na nguo ilikuwa imekupwaya.

Mamako,
Mastura


Mtwapa, 9 Februari 2025

Kwa Bi Jedida,

Salaam. Hatujazoeana, kwa hiyo utaniwia radhi nikienda moja kwa moja.

Mama yangu anasema kasuku wetu ameletwa kwako kwa sababu ya eda. Nimemuuliza maalim wa hapa kama mjane amekatazwa kusikia kasuku mwenye sauti ya kiume. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniomba nimwambie huyo kasuku anaswali wapi. Kwa hiyo sababu hiyo haipo. Iliyopo ni kwamba Mama ana huruma na watu, na wewe upo karibu naye kila siku kuliko mimi.

Ninayo manyoya ya Karani yenye alama za dhiki. Daktari ameyaona. Ndege huyu hajazoea kelele za cherehani, wala kulishwa makombo, wala kufungiwa chumba kisicho na dirisha kubwa. Naomba uniandikie unampa nini, saa ngapi, na kwa nini hasemi. Nikikosa majibu nitakuja kumchukua, na kibali kitajulikana mbele ya safari.

Afiya Abdulkadir


Mambrui, 14 Februari 2025

Dada Afiya,

Bwana asifiwe. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na imenichoma vile vile.

Mimi sikuomba ndege. Ile siku ya msiba, wewe ukiwa bado uko njiani unakuja, mama yako alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Ameshika tundu, amelifunika na kanga. Akaniambia, "Jedida mwanangu, nifichie huyu, na mlango ufunge." Nikamchukua. Wewe ungemwambia nini mama aliyefiwa asubuhi hiyo?

Unauliza anakula nini. Anakula kunishinda. Anakula papai, mahindi mabichi, karanga, na pilipili mbichi ambazo anazifurahia kama mtoto na peremende. Cherehani haimtishi, anaiiga. Mimi nikisimamisha yeye anaendelea, mpaka wazazi wanaoleta vitambaa wananiuliza kama nimenunua mashine ya pili. Pia anaimba pambio moja la kanisa letu, mwanzo tu, hajui mwisho. Kwa hilo naomba msamaha maana hii ni nyumba ya Waislamu, lakini sikumfundisha, amejisikilizia mwenyewe. Na ulimkuta amenyamaza kwa sababu kwake wewe ni mgeni. Usikasirike, lakini tangu nihamie hapa mwezi wa sita mwaka jana sikukuona hata mara moja mpaka siku ya mazishi. Ndege si mjinga.

Alama unazosema mimi sizijui. Ninachojua ni kwamba umeniita mtesaji wa wanyama, na mimi najinyima usingizi wa mchana kumsafishia.

Halafu kuna jambo lingine. Jioni, ile saa mzee alikuwa anakunywa kahawa yake ukumbini, Karani husema maneno mawili kwa sauti ya mzee. Ndiyo hayo mama yako hataki yatoke nje ya mlango wangu. Mimi sitayaandika, kwa sababu si yangu. Muulize yeye. Na ukimuuliza, muulize pole pole, mama yako hajakaa vizuri.

Ni mimi,
Jedida


Mtwapa, 24 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Nilirudi kwa Cliff kutaka aniandikie karatasi ya kuthibitisha kwamba Karani anateswa. Akaniuliza Jedida alihamia lini. Nikamwambia mwezi wa sita. Akaniangalia vile wanavyomwangalia mteja anayetaka dawa ya ng'ombe kwa ajili ya mume wake.

Kumbe siku ile sikumsubiri amalize. Unyoya ukiwa unaota una damu ndani na unaandikika. Ukishakomaa unakuwa kama kucha, umekufa, haujui tena linalompata ndege. Kisha unakaa mwilini mwaka mzima, au karibu na hapo, ndipo uanguke. Haya manyoya niliyookota Januari hii yaliota mwanzoni mwa mwaka jana. Mstari ni wa wakati huo. Baba alikuwa hai, Karani alikuwa ukumbini, na Jedida hata Mambrui alikuwa haijui.

Sasa nimekuwa nikikaa na hiyo tarehe. Januari na Februari mwaka jana mimi nilikuwa hapa hapa Mtwapa, nafanya mazoezi ya kazi na kusomea mitihani ya mwisho. Nyinyi mlikuwa Lamu. Harusi ya binamu yake Baba, ukaniambia, kisha mkazuiwa mkae wiki chungu nzima. Nilipoomba picha ukasema simu imeingia maji. Baba nilizungumza naye mara moja tu, sauti iko chini, akasema upepo wa Lamu umempa mafua. Nikamtania aniletee halua. Akaileta kweli, ikafika kwa Hesbon, na kwenye kopo pameandikwa jina la duka la Mombasa. Nilicheka, Mama. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani, "Baba amesahau kununua halua Lamu, ameiagiza Mombasa."

Nakuuliza. Mlikuwa wapi, na Karani mlimwacha na nani mpaka akapata alama hii? Mjomba Badi aliponipigia Desemba aliniambia Baba ameanguka ghafla, ni moyo. Kutwa nasimama dirishani natoa dawa za moyo kwa watu nisiowajua, nawaeleza kidonge hiki asubuhi na hiki jioni. Najua moyo mara nyingi hauanguki hivi hivi. Nilitaka kukuuliza hata siku ya mazishi, nikaona aibu.

Na maneno mawili ni yapi?

Afiya


Mambrui, 8 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na mfungo mwema. Mwezi huu mtukufu usitutie maneno. Hesbon anakuletea vileja na mkate wa sinia, nimepika mwenyewe alasiri hii na hiliki nimeitia kwa wingi kama unavyopenda. Ya Lamu yamepita.

Kopo la vileja ulirudishe, ni la seti.

Mamako


Mtwapa, 16 Machi 2025

Mama,

Kopo hili hapa. Vileja vimeliwa vyote, na nilipokuwa nikivila nilikuwa nalia, nikajichukia kwa kuvila. Nimelitazama kopo mpaka chini na jibu sikuliona.

Sitaandika tena mpaka uniandikie.

Afiya


Mambrui, 25 Aprili 2025

Mwanangu Afiya,

Nimetoka eda juzi. Nimeoga, nimevaa rangi, wamenifukiza udi, na wanawake wamekula wakaenda zao. Simu niliitoa kabatini nikaishika, kisha nikairudisha. Haya siwezi kuyasema nikiwa nasikia pumzi zako.

Hatukuwa Lamu. Hapakuwa na harusi. Babako alilazwa Mombasa, moyo wake umevimba, na daktari akasema hautarudi kuwa kama ulivyokuwa. Siku ile ile akaniambia, "Afiya asiambiwe." Nilikataa. Tuligombana pale kitandani, wagonjwa wanasikiliza na wengine wanaingilia. Akasema, "Nikimwambia ataacha karatasi ya mtihani mezani aje kunishika mkono, na mkono wangu una kazi gani?" Ulipomaliza mitihani akasema ngoja apate kazi. Ulipopata akasema ngoja aizoee. Kila nilipotaka kukuambia uje nyumbani, yeye alitangulia kukuambia usijisumbue, kazi ni mpya, bosi atakuona mvivu. Ndiyo maana Jedida hakukuona miezi yote ile. Hukututupa. Tulikuzuia.

Karani wiki zile alibaki kwa mjomba wako Badi. Badi alimwekea kila kitu, na ndege hakugusa ila maji, maana alizoea kula mkononi mwa babako. Tuliporudi alikuwa mifupa na manyoya. Hiyo ndiyo alama yako. Jedida hana lawama hata chembe, na umemvunjia heshima. Ukamwombe radhi kwa miguu yako. Barua uliyomwandikia inatosha.

Baadaye nyumba hii ikawa na wimbo mmoja. Babako amekaa ukumbini chini ya tundu, na kila anayeingia anapewa agizo kabla ya kikombe: Badi, jirani, muuguzi aliyekuja kumpima presha, Jedida alipohamia, mimi asubuhi na jioni nikishika simu. "Afiya asiambiwe." Siku baada ya siku. Nani alimkumbuka ndege?

Asubuhi aliyofariki, maiti haijaoshwa, wanawake wamejaa, Karani akakohoa, kisha akasema. "Afiya asiambiwe." Sauti yake, Afiya. Mama mmoja alipiga ukelele akidhani marehemu amezungumza. Na wewe ulikuwa njiani, ungeingia wakati wowote. Nikachukua kanga. Eda niliisingizia tu, maalim wako alikuwa na haki ya kucheka.

Unataka nikuambie najuta. Sijui. Lilikuwa agizo la mume wangu na nililitimiza mpaka mwisho, na lingekuja tena pengine ningelitimiza tena. Lakini nina hasira naye ambayo sijawahi kumwambia mtu. Ameniachia siri, kisha akaniachia na ndege wa kuitangaza.

Siwezi kumrudisha ukumbini. Nikisikia yale maneno saa ya kahawa, nakimbilia jikoni. Kwa Jedida nako hawezi kukaa milele, chumba ni kidogo. Badi amepata mtu Rabai anayefuga ndege, mwenye nafasi na miti, na habari za kibali atazishughulikia. Huko hakuna anayemjua Afiya, atasema mpaka achoke. Anamchukua Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeona nikuambie hili kabla, nisije nikawa nimekuficha tena.

Manyoya yanayomwota sasa sijui yameandika nini. Ya Desemba yataanguka mwakani.

Mamako,
Mastura


Mtwapa, 28 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo.

Bado nina hasira. Nimekukasirikia wewe, na Mjomba Badi, na huyo muuguzi nisiyemjua, na Baba kuliko wote, kwa kuwa yeye hawezi kunijibu. Kutoka Mombasa mpaka chumbani kwangu ni madaraja mawili tu. Ningekuja asubuhi nikamshika mkono na mchana nikawa kwenye mtihani. Ningefaulu. Na kama nisingefaulu, mitihani hurudiwa. Hili sitaacha kulisema hata tukipatana, uzoee kulisikia.

Halua ile niliila peke yangu. Sikumgawia hata mwenzangu wa chumbani. Nilikuwa nacheka.

Nakuja Ijumaa. Nitaanzia uani kwa Jedida, na nitakaa mlangoni pake mpaka anisamehe au anifukuze. Nimemtafutia uzi mzuri wa cherehani, lakini najua uzi hautoshi.

Karani asiende Rabai. Mwambie Mjomba huyo mtu wake atafute ndege mwingine. Mtoe uani, mrudishe ukumbini kwenye ndoano yake, bila kanga, kabla ya saa ya kahawa. Wewe ukitaka nenda jikoni, au kwa jirani, sitakulazimisha ukae. Mimi nitakaa kwenye kiti cha Baba, chini ya tundu.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Baba mbona Karani anakuita wewe tu na mimi haniiti. Akaniambia ndege hawezi kufundishwa jina kwa kubembelezwa, hushika lile analolisikia kila siku, na katika nyumba hii lililoitwa kila siku ni lako. Nilikasirika nikamwambia basi na langu aliite kila siku. Akacheka.

Basi aliliita, Mama. Aliliita mwaka mzima, na mimi sikuwapo. Mwache Karani aseme anachokijua chote, ili na mimi nimsikie Baba akinitaja.

Mwanao,
Afiya